Mahindi Yaliyooshwa Masizi

Palikuwa na mwaka ambao mvua iliahidi, ikakohoa mara mbili nyuma ya milima, ikaondoka. Mwaka uliofuata haikujisumbua hata kukohoa. Wa tatu ulipofika, wanyama wa Mlimani walikunja mikeka, wakafunga watoto mgongoni, wakateremka Bondeni kwenye chemchemi pekee iliyobaki. Chemchemi hiyo ilikuwa ya Simba. Au tuseme Simba aliketi kando yake kwa namna ambayo hakuna aliyethubutu kuuliza ni ya nani.

Bondeni walibanana kama kuni kwenye mzigo. Foleni ya maji ilianza alfajiri na kuisha watu wakiwa wameshagombana.

Mlimani walibaki wawili tu: Bibi Nungunungu, mzee wa kikohozi na macho hafifu, na mjukuu wake wa kike ambaye wote walimwita Nungu. Hawakubaki kwa ukaidi. Walibaki kwa ajili ya mbegu. Kabla ya kuteremka, kila kaya ilipita jikoni kwa Bibi ikamwachia mahindi yake ya mbegu, yamefungwa mashada kwa maganda yake yenyewe, na Bibi akayatundika darini, juu ya mafiga, katikati ya moshi. Ndivyo walivyofanya Mlimani miaka yote. Moshi humkera fukusi, yule mdudu atoboaye punje, na fukusi akishaikera mbegu hakuna tena mbegu.

Kazi ya Nungu ilikuwa kuokota kuni, kuteremka Bondeni kuchota maji, na kuhakikisha moto hauzimi. Jiko likawa jeusi, mahindi yakawa meusi, Bibi akakohoa, na Nungu akanuka moshi hata akitoka kuoga. Miiba yake ilikuwa mikali, ila ulimi wake ulikuwa umeitangulia kuzaliwa.

Sungura, kwa upande wake, hakuwahi kulima hata tuta moja. Msimu wa kulima aliumwa mgongo. Msimu wa kupalilia aliumwa kiuno. Msimu wa kuvuna alipona.

Siku moja kwenye foleni alimsikia Swala akipumua kwa nguvu.

"Jamani, nakumbuka asubuhi za kule juu," Swala alisema. "Umande. Moshi ukipanda taratibu. Mlio wa kinu."

"Acha tu, dada," akajibu wa nyuma yake.

Foleni nzima ikapumua kwa pamoja. Masikio ya Sungura yakasimama.

Baada ya wiki moja, kibanda kilichoachwa katikati ya njia ya Mlimani, mahali unapofika bila kutoka jasho sana, kilikuwa kimepakwa chokaa nyeupe na kupigwa mistari ya udongo mwekundu. Mlangoni palikuwa na maua, kinu kilichong'arishwa kwa mafuta, na jembe jipya lililoegeshwa ukutani kwa pembe ambayo jembe halijiegeshi lenyewe. Sungura alivaa kofia pana ya ukindu na kukaa barazani kama aliyemaliza ekari nne. Mahali hapo alipaita Kijijini kwa Sungura, na kiingilio kilikuwa kibuyu kimoja cha maji. Getini alimweka Fisi, ambaye alipokea vibuyu na kunywa kila cha tatu, eti kuhakikisha maji hayana sumu.

Kasuku, ambaye hajawahi kuona kitu akakinyamazia, aliruka Bondeni kote akipiga kelele: "Njooni mpumzishe roho! Maisha halisi! Hewa halisi! Kijiji halisi!"

Wakaenda. Wakarudi wakiwa laini. Wakaenda tena.

Haikupita muda, Sungura akamfuata Nungu kwenye foleni.

"Dada yangu, unahangaika nini na jua hili? Njoo kwangu. Nakupa kibuyu kizima kila siku. Kazi yako ni kutwanga tu pale barazani."

Nungu hakumwamini hata kidogo. Lakini alifikiria koo la Bibi, akakubali.

Kusema kweli, palikuwa pazuri. Nungu alichukia kukiri, lakini alipokaa pale na upepo ukapita kwenye maua, mabega yake yalishuka yenyewe, na kwa muda mfupi akasahau kwamba mlima wote uliobaki nyuma yake ulikuwa mkavu kama kigae. Akatia mtama kinuni, akaanza kutwanga.

Sungura akaja mbio. "Unafanya nini?"

"Natwanga."

"Unatwanga nini?"

"Mtama. Kwani kinu ni cha nini?"

"Unga unawarukia wageni, dada yangu." Akakiinua kinu, akamwaga mtama chini. "Twanga kitupu. Wanachotaka ni sauti."

Nungu akatwanga kitupu. Kinu kikalia ngoo, ngoo, na wageni wakafumba macho kwa raha. Kisha Swala akasogea, akamgusa bega kwa ukwato mmoja.

"Samahani mpenzi, jisogeze kidogo kushoto. Unanizibia kijiji."

Nungu akajisogeza.

"Na hiyo harufu ni ya nini?"

"Moshi."

"Lo! Halisi kabisa," Swala akasema, akirudi hatua mbili. "Ila imezidi kidogo."

Basi mchi ukaanguka. Nungu akasimama, miiba yote ikasimama naye.

"Sungura, chukua kinu chako. Hiki kibuyu naondoka nacho, nimekifanyia kazi, hata kama kazi yenyewe ilikuwa kutwanga hewa. Mimi si pambo lako!"

"Hasira za nini sasa?" Sungura aliuliza kwa upole wa kuudhi. Wageni walikuwa wanatazama, na yeye mbele ya wageni hakuwahi kupandisha sauti.

Siku zikaenda. Wageni wakayazoea maua, wakazoea na kinu. Sungura akaona vibuyu vinapungua, akakumbuka jikoni kwa Bibi. Akapanda Mlimani, akapiga hodi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Karibu, inama. Moshi uko juu."

Sungura aliinama, akakohoa, akafuta machozi, akanyoosha mkono darini na kulikwaruza hindi moja kwa ukucha. Chini ya masizi punje zilikuwa nyekundu kama makaa. Akakwaruza jingine: zambarau na nyeupe. La tatu: manjano tupu.

"Bibi! Uzuri wote huu mmeufungia gizani?"

"Haujafungiwa," Bibi akasema. "Unatunzwa."

"Nipe nikawatundikie watu mlangoni, wayaone."

"Watayaona yakiota."

Sungura akatabasamu, akaaga vizuri, na kesho yake akaenda kwa Simba.

Hapa yafaa ijulikane kwamba Simba naye alikuwa ameshapita kwenye kile kibanda. Alivikwa kofia ya ukindu, akashikishwa jembe, akakaa barazani nusu saa, na Kasuku akapiga kelele bonde zima: "Simba mkulima! Simba wa watu!" Tangu siku hiyo Simba hakuanza usemi wowote bila kusema "sisi wakulima".

Baraza likaitwa. Sungura akasimama mbele, kofia mkononi.

"Mfalme, mbegu za watu wote zimekaa kwenye giza, kwenye masizi, chini ya kikongwe mmoja anayekohoa. Je, hiyo ndiyo heshima tunayoipa asili yetu? Mimi naomba nizioshe, nizitundike mahali penye mwanga, kila mtu azione na kujivunia."

Makofi.

"Naomba nafasi, Mfalme," Nungu akasema, na hakungoja kupewa. "Sungura, swali dogo. Fukusi anaingiaje kwenye hindi?"

"Anakaribishwa na uchafu," Sungura akajibu bila kupepesa. "Mahali pasafi hakai."

Makofi tena, makubwa zaidi. Nungu akagundua kwamba kuna jambo linalouma kuliko kushindwa, nalo ni kushindwa na mtu anayekosea kwa lugha nzuri.

"Fukusi hajali usafi! Anajali moshi!" alipaza sauti. "Ninyi mnaupenda moshi ukiwa mbali, ukipanda taratibu. Nani hapa ameuvuta mwaka huu? Nani ameokota hata kijiti kimoja? Hizo mbegu ni chakula cha watoto wenu, jamani, si shanga! Mvua ikija na mbegu hamna, mtapanda nini? Maua ya Sungura?"

Swala akainua shingo.

"Lakini dada, mbona una hasira hivyo? Watu wa kijijini wana utulivu."

Baraza zima likacheka. Huyo aliyezaliwa kijijini, akalelewa kijijini na kubaki kijijini peke yake na bibi yake, akaambiwa watu wa kijijini walivyo.

"Sisi wakulima," Simba akasema, "tunapenda mwanga. Mbegu ziende kwa Sungura."

Nungu akasonga mbele. "Basi ziende na desturi yake. Anayetunza mbegu ndiye anayechimba shimo la kwanza mvua ikinyesha, mbele ya wote. Ndivyo ilivyo Mlimani."

Sungura alijiona na kofia, na jembe, na umati, na Kasuku hewani. "Kwa furaha kubwa!" akasema.

Wakapanda kuchukua mahindi. Sungura alisimama mlangoni akichagua, Fisi akibeba.

"Hilo lete. Hilo lete. Haya hapana, yamejipinda. Na hayo yana mapengo kama mdomo wa Fisi."

"Wewe!" Fisi akasema.

"Yaacheni yote hayo, yataniharibia mlango."

Yakabaki mashada matano, mafupi, yenye vichwa vilivyopinda. Bibi aliyapapasa moja moja, akayasogeza katikati ya dari, pale moshi ulipokuwa mzito zaidi. Nungu ndiye aliyelia, kwa hasira, huku akipuliza moto, na akasingizia moshi.

Mahindi yakaoshwa masizi kwa maji ya kiingilio, yakaanikwa, yakatundikwa mlangoni kwa kamba za ukindu. Yalimeta. Wageni wakarudi kwa makundi, na wengine walilia kabisa. Swala aliomba shada la kaya yake liwekwe karibu na mlango ili awaonyeshe wenzake: "Lile jekundu ni letu. Asili yetu hiyo."

Mwezi wa pili tangu hapo, Nungu akiteremka kuchota maji, aliona kizingitini kwa Sungura unga mwembamba, kama uliochekechwa. Akachovya kidole, akaonja.

"Sungura! Huu ni unga. Fukusi wanakula humo ndani."

"Ni chokaa ya ukuta," Sungura akasema, na ufagio ulikuwa tayari mkononi. Jicho lake lilimtoka kidogo, likarudi. Alijua.

Nungu akamgeukia Fisi. "Na wewe unalinda nini hapa?"

"Maji," Fisi akasema.

Akamkimbilia Swala kwenye foleni. "Hindi lenu linatoboka! Nenda kaangalie mwenyewe."

"Vile vitobo? Nimeviona, vinapendeza," Swala akasema. "Vinaonyesha kwamba ni la asili."

Kisha mvua ikaja. Ilikuja bila salamu, mchana kweupe, matone makubwa yakipiga vumbi mpaka nchi nzima ikanukia. Watu waliacha foleni, wakaacha vibuyu, wakapanda Mlimani wakiimba, wamelowa, na majembe begani. Hata waliosahau walikoyaweka walichimbua mahali fulani wakayapata.

Wakapanga mstari ukingoni mwa shamba la kwanza. Sungura akaja na kofia yake. Fisi nyuma yake alibeba mashada yanayometa. Bibi naye alikuwepo, ameshikwa mkono na Nungu, uso ameuelekeza mvua inakotoka.

"Mpini umelowekwa?" Bibi akauliza.

"Bibi, jembe hili ni jipya kabisa," Sungura akasema, akicheka na umati. "Halijawahi hata kugusa udongo."

"Ndiyo maana nimeuliza."

Kila mlimaji wa Mlimani anajua kwamba mpini ukikaa juani miezi unasinyaa, na jembe linapwaya tunduni. Mpini hulazwa majini siku nzima ili uvimbe na kushika chuma. Sungura hakujua. Aliinua jembe juu, juu kabisa, ili aonekane na wa nyuma, na chuma kikachomoka, kikapita juu ya kichwa chake, kikajichomeka ardhini kidole kimoja kutoka mkia wa Simba aliyesimama nyuma. Sungura akaushusha mpini mtupu kwa nguvu zote. Pwaa! Matope yakamjaa usoni.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Nungu alicheka kuliko wote.

"Haidhuru," Sungura akasema, akitema tope. Akafukua shimo kwa mikono. "Lete mbegu."

Fisi akampa lile shada jekundu la mlangoni. Sungura akalipukuchua hindi moja. Kilichoanguka kwenye kiganja kilikuwa vumbi na maganda matupu ya punje, mepesi, yakachukuliwa na upepo wa mvua.

"Lete jingine."

La pili likawa hivyo hivyo. La tatu fukusi wenyewe wakatoka wakitembea, wamenenepa, hawana haraka. Kicheko kikakatika. Watu wakanyakua mashada, kila kaya lake, wakayapukuchua, na kote likasikika lile lile: unga ukidondoka.

"Hili ni jambo la hila," Sungura akaanza haraka. "Kuna mtu alinionea wivu, mnamjua, ndiye alileta wadudu..."

"Alikuwa anaufagia ule unga kila asubuhi," Fisi akasema. "Aliniahidi vibuyu viwili kwa siku nikinyamaza."

"Fisi!"

"Nini? Mvua imenyesha. Nani sasa atakuletea vibuyu?"

Nungu alikuwa na hotuba. Alikuwa ameiandaa miezi mitatu, akiokota kuni, ina sehemu nne na dongo la mwisho la Swala peke yake. Akapanda juu ya tuta, akavuta pumzi. Kisha akamwona Swala ameshika gunzi tupu kwa kwato mbili, anajaribu kurudisha maganda ya punje mahali pake, moja moja, kana kwamba yatashika. Sehemu tatu za hotuba zikamtoka kichwani.

"Mlikipenda kijiji," akasema. "Sikatai. Hata mimi nakipenda. Ndiyo maana nanuka hivi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Swala akainamisha kichwa.

"Yako mashada matano," Bibi akasema.

Wote wakageuka.

"Yale mliyoyaacha kwa ubaya wake. Yaliyojipinda. Fukusi hajayagusa."

"Matano hayatoshi kaya zote, Bibi," Swala akasema kwa sauti ndogo.

"Hayatoshi. Yanatosha shamba moja. Tutalilima wote, tutalipalilia wote, na hatutalila. Mwaka huu ni mihogo na mizizi na kufunga mkanda. Mwakani kila kaya itakuwa na mbegu yake."

Simba akakohoa. "Sisi wakulima," akaanza.

"Loweka mpini, Mfalme," Nungu akamwambia, akamwekea jembe mbele yake.

Simba alilitazama lile jembe, akaitazama mvua, akawatazama watu ambao safari hii hawakuwa wanamshangilia. Akaenda kuloweka mpini. Jioni ya siku ya kwanza ya kulima alikuwa na malengelenge manne, na tangu hapo lile neno "sisi wakulima" alilitumia kwa uangalifu mkubwa.

Ila kwanza alitaka kumla Sungura, na meno alikuwa ameshayatoa.

"Usimle," Bibi akasema. "Kifua changu kimechoka. Nataka mtu wa kukaa jikoni."

Basi Sungura akapewa jiko. Kuokota kuni, kupuliza moto, kukaa chini ya dari kutwa moto usizime. Alijaribu kuumwa mgongo, lakini Nungu alikaa mlangoni na miiba yake, na mgongo ukapona. Masikio yake yakawa meusi kwanza, kisha yote mengine. Kile kibanda cha chokaa walikibomoa, fito zake zikawa kuni.

Mwaka uliofuata shamba lilivunwa. Swala, mwenye kwato zilizopasuka sasa na pumzi za mtu aliyebeba mzigo, alileta shada la kaya yake, akainama mlangoni bila kuambiwa, akalitundika darini mwenyewe. Mwezi ukapita, mashada yote yakawa meusi.

Kasuku akapita akayaona, na moyo ukamsisimka.

"Jamani, haya yakioshwa! Hata moja tu, niende nalo nikalitangaze!" Akanyoosha mdomo darini.

"Weka chini!"

Kutoka ndani ya moshi likaruka jitu jeusi, lina macho mekundu, linakohoa, limeshika ukuni mkononi. Kasuku akapaa mpaka juu ya paa.

"Ukiyaosha hayo, mwakani mimi nitakula nini?" Sungura akafoka. "Unajua nimekohoa mara ngapi kwa ajili ya masizi hayo? Gusa uone!"

Nungu alikuwa barazani, anatwanga mtama wa kweli, unga umemjaa mpaka kwenye kope. Alicheka mpaka miiba ikagongana.

"Halisi kabisa," akamwambia Swala, akimwonyesha Sungura kwa mchi. "Ila harufu imezidi kidogo."

Kisa kinakomea hapo jikoni, kwenye moshi. Aliyekipenda asisifu tu, alete kuni.